Daftari la Michango

Fomu ni ya kurasa mbili tu.
Jina: Nsia Mfinanga. Kazi: mwamuzi.
Mdaiwa: kampuni ya kokoto, Kurasini.
Wadai: ndugu wawili wa Mbagala, wenye malori matatu
na mkataba uliomwagikiwa chai.
Swali la saba: je, unao uhusiano wowote,
wa sasa au uliopita, na upande wowote wa shauri?
Nilitaka kuandika Hapana.
Niliandika nusu yake, Hapa,
na hapo kalamu ikagoma.

Umeme ulikuwa umekatika Tabata tangu saa tatu.
Kwa tochi ya simu nikavuta sanduku uvunguni,
nikatoa daftari la harusi ya Elinaja,
lile la jalada gumu, alilolitunza mhasibu wa kamati:
wino wa bluu kwa waliolipa, mwekundu kwa walioahidi.
Mama Furaha wa dukani, elfu thelathini.
Kwaya, laki na nusu, na masufuria ya kuazima.
Ukurasa wa kumi na moja, mstari wa nne:
Bw. Hiza Shekolowa, wa kokoto. Laki tano.
Bluu.

Miaka sita. Hata sura yake siikumbuki.
Namkumbuka ng'ombe wa pili, tuliyemwongeza dakika za mwisho,
na kwamba watu walishiba.
Laki tano ile ilikuwa paja lipi?

Nikampigia Kaselya, tuliyesoma naye sheria.
Akacheka mpaka akapaliwa.
"Dada, Dar hii nzima tumechangiana.
Aliyekuozea, aliyekuzikia, aliyekushikia foleni Muhimbili,
ukiwaandika wote fomu itakuwa msahafu.
Na waamuzi watoke wapi? Mwezini?"
Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.
Nilijua tu kwamba wale ndugu wa Mbagala
hawajaliona daftari hili,
na mimi nimeliona.

Mchango si hongo. Kweli.
Lakini nikimpa Hiza ushindi,
nitajuaje kwamba ni mkataba ulionena,
si tumbo lililoshiba miaka sita iliyopita?
Na nikimnyima, nitajuaje sikumnyima
ili nionekane sikushiba?

Asubuhi, Upanga, ghorofa ya nne.
Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo.
Kabla ya kufungua jalada nikasoma tamko langu kwa sauti:
tarehe, kiasi, harusi ya nani.
Ndugu mkubwa akatikisa kichwa: "Mama aendelee tu."
Aliyeumia ni Hiza.
Alisimama, kofia mkononi kama mtu aliye msibani.
"Mchango wa harusi unanisomea kama shtaka?
Unajua kwa nini nilitoa?
Marehemu mumeo alinivuta kwa kamba
gari lilipozama Jangwani, mvua ile,
na hakutaka hata soda."

Hilo nilikuwa silijui.
Nikaliandika nalo.

Ndugu wakaomba dakika kumi, wakatoka koridoni.
Waliporudi hawakuketi.
"Tunakushukuru, mama. Ila atafutwe mwingine."
Nikafunga jalada ambalo sikuwahi kulifungua.
Malipo ya awali nikayarudisha kwa msajili,
yale niliyokwisha kuyapangia karo ya mjukuu,
nikashuka ngazi zote nne kwa miguu
kwa sababu sikutaka kukutana na mtu kwenye lifti.

Nani alishinda, sijui. Sikuuliza;
kuuliza nako ni kuchungulia.

Juzi kijana wa bodaboda kaleta bahasha.
Kadi ya mchango: Hiza anamwoza kitinda mimba wake.
Jina langu limeandikwa kwa mkono, kwa herufi za kukaza.
Hasira imeisha, au haijaisha na kadi imekuja hivyo hivyo;
mji huu una watu wa namna hiyo.

Kwanza nilimwandikia msajili:
mashauri ya kampuni ile, kuanzia leo,
msiniletee.
Kisha nikafungua ukurasa wa kumi na moja,
nikahesabu laki tano mara mbili,
nikatafuta kalamu ya bluu.